Binti wa Kithiu na Kiti cha Hukumu

Ninyi wa Langas na Huruma, ninyi wa Turbo, Moiben na Burnt Forest mliokwisha kukamua ng'ombe na sasa mwangojea chai ichemke, sogezeni viti karibu na redio. Mtoto akilia, mbebeni tu aje naye asikie, maana maneno ya leo yanamhusu, hasa akiwa wa kike.

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya nne, tunasoma habari za mama mmoja aitwaye Debora. Mama huyu alikuwa na mume, alikuwa nabii, tena alikuwa mwamuzi wa Israeli. Alikuwa akiketi chini ya mtende, kati ya Rama na Betheli, katika nchi ya milima ya Efraimu, na watu walipanda kumwendea ili awaamue. Tumesoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara twashangaa jinsi Maandiko yanavyolitaja jambo hili bila kushangaa. Hayasemi, "Tazameni ajabu, mwanamke anahukumu!" Yanasema tu mahali alipoketi, kama vile sisi tungesema kwamba chifu hukaa pale karibu na soko siku ya Jumanne.

Lakini sisi wa Kenya tulishangaa sana, na tulikawia sana. Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1963. Mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, mama Effie Owuor, aliteuliwa mwaka 1982. Hesabuni wenyewe: miaka 19. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutangulia katika ngazi za chini, kwa kuwa yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuwa hakimu katika nchi hii. Tena ikapita miaka 39 mingine hata mwanamke akakalia kiti cha Jaji Mkuu. Huyo ndiye tunayetaka kuwaeleza habari zake leo.

Martha Karambu Koome alizaliwa mwaka 1960 katika kijiji cha Kithiu, huko Meru. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Baba alikuwa na wake wawili, na watoto wa nyumba hiyo kwa jumla walikuwa 18. Mwaka 2021 alipoketi mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama kuhojiwa, hakuyaficha mambo haya. Alijitaja kuwa mtu wa kijijini, akataja wale ndugu 18 na mama wawili, akasema kwamba kufika kwake alipofika kulikuwa ni kupita vizuizi vingi.

Sasa ninyi mliolelewa katika nyumba za namna hiyo mwajua maana ya watoto 18. Sufuria moja haitoshi. Kalamu moja hukatwa vipande viwili. Sare ya shule huvaliwa na mkubwa, kisha hushonwa na kumshukia mdogo, na yule wa tatu huipokea ikiwa na viraka mgongoni. Tena katika miaka ile ada ilidaiwa tangu darasa la kwanza. Ni mwaka 1974 tu ambapo serikali iliondoa ada ya madarasa manne ya kwanza, na elimu ya msingi ya bure kwa madarasa yote ilikuja mwaka 2003. Kwa hiyo msichana aliyezaliwa mwaka 1960 alipita karibu masomo yake yote ya msingi mzazi akitoa senti mfukoni, muhula kwa muhula. Wavulana wakiwepo, na shamba likihitaji mikono, na maji yako mbali, ni nani alitazamiwa kubaki nyumbani? Mwajua jibu.

Huyu hakubaki. Alisoma hata akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya sheria mwaka 1986, na mwaka uliofuata akakubaliwa kuwa wakili. Miaka ile haikuwa rahisi kwa mawakili waliopenda kusema kweli. Palikuwa na watu waliokamatwa kwa sababu ya siasa, na yeye alikuwa mmoja wa waliosimama kuwatetea. Palikuwa pia na wanawake waliofukuzwa makwao bila kitu, na watoto wasio na mtu wa kuwasemea. Mwaka 1985, wakati wanawake wa dunia nzima walipokutana Nairobi katika mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa, mawakili wanawake wa Kenya walianzisha chama chao, FIDA, ili kuwasaidia wanawake wasioweza kulipa wakili. Miaka ilipopita Martha Koome alipata kuwa mwenyekiti wa chama hicho.

Ikumbukeni kazi hiyo, kwa maana watu wakisikia habari ya mtu aliyepanda, huitazama ile siku ya kuapishwa tu: kanzu nyekundu, wigi, kamera, na jamaa waliokuja kwa basi kutoka nyumbani. Hawaitazami miaka 16 ya kubeba mafaili, kungoja katika veranda za korti, kusikia "shauri lako limeahirishwa," kurudi ofisini, na kumweleza mama mmoja mwenye watoto wanne kwamba itabidi arudi tena mwezi ujao na nauli nyingine.

Mwaka 2003 serikali iliyokuwa mpya ilifagia mahakama. Majaji 23 walitajwa katika taarifa ya uchunguzi juu ya rushwa, na wengi wakaondoka. Mwaka huohuo Martha Koome aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2012 akapanda Mahakama ya Rufaa. Na katikati ya safari hiyo kuna jambo dogo ambalo sisi tumelipenda kuliko mengine yote: mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 50, akiwa jaji tayari, alipata shahada ya pili ya sheria katika Chuo Kikuu cha London. Hakuna aliyemlazimisha. Ninyi akina mama mnaosema mmezeeka kuingia darasa la kujifunza kusoma, mmesikia?

Kisha Jaji Mkuu David Maraga alistaafu Januari 2021. Watu kumi waliitwa wahojiwe kwa ajili ya nafasi yake. Wakati mahojiano yakiendelea, aliyeshikilia kiti kwa muda alikuwa mwanamke, naibu wa Jaji Mkuu, Philomena Mwilu, na aliyekuwa akiiongoza ile Tume iliyohoji alikuwa mwanamke pia, Profesa Olive Mugenda. Mwisho wa Aprili Tume ikatangaza jina la binti wa Kithiu. Bunge likakubali, na tarehe 21 Mei 2021 akaapishwa, Jaji Mkuu wa 15 wa Kenya, mwanamke wa kwanza kati ya hao 15.

Wapenzi, hatuwaambii haya ili mdhani kwamba mwanamke akiketi hapo basi haki imekwisha kushuka kama mvua ya Aprili. Jaji ni binadamu. Mwaka 2017, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, mliokuwa hapa Eldoret mwakumbuka nyuso zilivyokuwa katika mitaa yetu. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyohiyo, sasa ikiongozwa na Martha Koome, ilipothibitisha uchaguzi, nyuso zilizokuwa zimenuna hapa zikacheka, na zile zilizocheka kwingine zikanuna. Tena katika ile kesi ya 2017 wanawake wawili walikuwa kitini. Mmoja alikubali uchaguzi ufutwe, na wa pili akapinga. Basi wale wanaosema wanawake wote hufikiri namna moja, na waende wakaisome hukumu ile. Hatukuomba mwanamke awe jaji ili atupendelee. Twataka tu asizuiwe kuketi kwa sababu alizaliwa msichana katika nyumba maskini.

Na jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani kuna jaji wa Mahakama ya Juu aitwaye Sonia Sotomayor, mzaliwa wa mji wa New York. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Puerto Rico, ambako watu husema Kihispania. Nyumbani walikuwa maskini, wakakaa katika nyumba za serikali mtaa wa Bronx. Alipokuwa na miaka saba aligunduliwa ana ugonjwa wa kisukari, na akajifunza kujidunga sindano mwenyewe, akipanda juu ya kiti ili afikie jiko achemshe ile sindano. Baba yake alikuwa ameishia darasa la tatu tu, akafariki binti akiwa na miaka tisa. Mama alikuwa muuguzi, akabaki na watoto wawili. Mama huyo, kwa mshahara ule mdogo, aliwanunulia watoto wake seti nzima ya vitabu vya elimu, vile vinene vinavyoeleza habari za kila kitu duniani. Majirani hawakuwa navyo. Mwaka 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Siaya, alimteua binti huyo, akawa wa kwanza wa watu wa asili yake kuingia katika mahakama kubwa kuliko zote nchini humo.

Tunawaweka hawa wawili pamoja, wa Kithiu na wa Bronx, kwa sababu ya vile vitabu. Mwenye akili ni mtoto, na akili hiyo amepewa na Mungu. Lakini mtu mzima mmoja, wakati fulani, jioni fulani, alihesabu fedha zilizokuwa mezani akaamua zitakwenda wapi. Hapo ndipo palipokuwa na hukumu ya kwanza. Hapakuwa na wigi wala karani. Palikuwa na taa tu, na baba, na mama, na shilingi ambazo hazitoshi.

Sasa turudi kwetu Uasin Gishu. Mji wetu umekuwa jiji tangu Agosti 2024, nasi twajivuna. Wazee waliouita "Sisibo," kwa ile namba 64 ya shamba la wazungu, hawakudhani wataona siku hiyo. Lakini jiji au si jiji, mahindi yakiisha kuuzwa, kila nyumba huwa na korti yake. Mvulana ameitwa shule ya bweni. Msichana naye ameitwa, na pengine alama zake ni nzuri kuliko za ndugu yake. Fedha ni za mmoja. Sisi wachungaji huitwa katika mashauri kama hayo, na tumesikia hoja zote. Twaambiwa, "Mchungaji, huyu wa kike ataolewa, elimu yake itakwenda kwa watu." Twaambiwa, "Huyu wa kiume ndiye atakayebaki na boma." Na mara nyingi yule msichana yuko palepale jikoni anaosha vikombe, anasikia kila neno, wala hakuna aliyemwuliza.

Hatutaki kuwalaumu wazazi kana kwamba wana mioyo ya mawe. Twajua bei ya mbolea, na twajua mwaka ambapo mahindi yaliozea ghalani. Mzazi mwenye fedha za mtoto mmoja hana furaha katika kuchagua. Lakini tunauliza: mbona kila mwaka uchaguzi huo huangukia upande mmoja? Kama ni umaskini tu, ungewaangukia wavulana nusu ya mara. Twaombeni basi jambo moja ambalo halina gharama. Yule msichana aitwe kutoka jikoni, aketi, asikie hesabu, na aseme neno lake. Wako waliopata njia hapohapo: mjomba akatoa kidogo, ombi la msaada wa masomo likaandikwa, ng'ombe dume akauzwa mapema, au mvulana mwenyewe akakubali shule ya kutwa ili dada yake naye aende. Tusiihukumu kesi kabla ya kuisikia.

Tena kuna ile hukumu ya pili, ya shamba. Hapa Eldoret Mahakama ya Rufaa iliketi Aprili 2005 kuamua mzozo wa urithi ambao mawakili wa nchi nzima huutaja hata leo. Hatutawataja wenyewe. Mzee alikuwa amefariki mwaka 1988 bila kuacha wosia, akaacha wajane wawili, watoto tisa, na shamba la zaidi ya ekari 190. Nyumba moja ilikuwa na wavulana watatu na wasichana wawili. Nyumba ya pili ilikuwa na wasichana wanne, hakuna mvulana hata mmoja. Mwaona jinsi fundo lilivyofungwa. Ikisemwa kwamba wavulana wapate zaidi kwa kuwa mabinti wataolewa, basi nyumba nzima ya pili inakuwa na mkono mtupu, si kwa kosa lolote ila kwamba yule mama alizaa mabinti. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti kidogo. Mahakama ya Rufaa iliigeuza hukumu hiyo, na watoto wote tisa wakapewa sehemu sawa, wa kike kwa wa kiume. Majaji walioamua hivyo walikuwa watatu, nao walikuwa wanaume. Twalisema hili ili akina baba wanaotusikiliza wasidhani kwamba haki ya mabinti ni kazi ya wanawake peke yao.

Miaka mitano baadaye, katika Katiba ya mwaka 2010, sisi wananchi tulikubali kwamba mila zinazombagua mtu kwa jinsi yake katika habari za ardhi ziondolewe.

Wazee wengine watatuambia kwamba mambo haya ni ya wazungu. La, wazee wetu, fungueni Hesabu, sura ya 27. Palikuwa na mtu aitwaye Selofehadi, akafa jangwani bila mtoto wa kiume. Mabinti zake watano hawakulia kando ya njia. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana. Musa, kiongozi mkuu kama alivyokuwa, hakuwajibu kwa kichwa chake. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana. Na Bwana akasema kwamba mabinti hao wamenena sawasawa, wapewe urithi. Sheria ya taifa zima ikarekebishwa kwa sababu wasichana watano waliuliza swali. Tena angalieni, Biblia haikusema "mabinti fulani." Imeandika majina yao: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa.

Majina, wapenzi. Hapo ndipo palipo na hatari katika boma zetu. Mzee akifariki bila wosia, jamaa huenda kwa chifu kutafuta barua ya kupeleka mahakamani, na barua hiyo yapasa kuwataja wajane wote na watoto wote, waliooa na wasiooa, walioolewa na wasioolewa. Ni hapo ambapo mabinti hupotea. Hakuna anayesema uongo kwa sauti. Mtu huandika tu majina ya wavulana, karatasi ikajaa, akaweka sahihi. Yule dada aliyeolewa Kapsabet au Kitale hajui kitu, hata siku atakapokuja kumwona mama akakuta waya umepigwa katikati ya shamba. Basi ninyi mnaojua kwamba kuna barua ya namna hiyo inayoandikwa nyumbani kwenu wakati huu, isomeni kabla haijapelekwa. Na kama imekwisha kupelekwa, ombi la urithi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na kuna siku 30 za kupinga. Anayeona ameachwa nje na aende kwenye ofisi ya mahakama akaulize karani bila woga. Kuuliza si kuwashtaki ndugu zako. Ninyi wavulana, ndugu zetu, nanyi mwaweza kwenda na dada yenu. Tumewaona waliofanya hivyo, na boma zao hazikupungua heshima.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma habari za yule mjane wa Luka 18 aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara. Leo tumalizie kwa maombi.

Ee Baba, tunakuomba kwa ajili ya msichana anayeosha vikombe asubuhi hii huku habari zake zikiamuliwa sebuleni. Uwape wazazi wake njia ambayo bado hawajaiona. Uwakumbuke majaji na mahakimu wetu, wake kwa waume, katika korti ya Eldoret na katika korti zote, wanapofungua faili la mtu asiye na wakili. Uwasaidie na wazee wanaoandika barua za urithi juma hili. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.